Mitishamba ya malaria hapa Uganda: maabara inapima nini hasa? (Uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Mbilizi wa Mbarara

Wakuu, habari za majukumu.

Siku hizi kila dumu la dawa ya kijani pale stendi ya mabasi lina karatasi imebandikwa: "Imepimwa maabara, inaua malaria asilimia 100." Kwenye magrupu ya WhatsApp wanaongeza na picha ya mtu kavaa koti jeupe. Kazi yangu ndiyo hiyo ya kupima. Niko Mbarara, mzaliwa wa Bukoba, na mbilizi (ule mti wa majani machungu, Vernonia amygdalina; Waganda wanauita mululuza, wengine mubirizi) nimenyweshwa tangu sijaota meno, kwa hiyo siandiki kuponda miti. Naandika ili ukiambiwa dawa imepimwa, ujue pa kuuliza.

Kwanza, maabara yetu ni ufugaji. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hakioti kwenye uji wa sukari kama bakteria. Kinataka chembe nyekundu za damu ya binadamu, tena zilizo nzima. Mpaka 1976 hakuna aliyekuwa ameweza kukifuga mfululizo nje ya mwili wa mtu. Mwaka huo William Trager na James Jensen wa New York wakafaulu, na siri yao mojawapo ilikuwa kukipunguzia oksijeni. Walitumia chombo cha kioo chenye kifuniko: unawasha mshumaa ndani, unafunika, mshumaa unakula oksijeni mpaka unazimika wenyewe, na kimelea kinastawi. Hata leo maabara isiyo na mtungi wa gesi inaweza kuishi kwa mshumaa. Vingine ni maji ya lishe yanayoitwa RPMI 1640, joto la nyuzi 37, damu ya group O kwa kuwa haigombani na seramu ya mtu mwingine, na mtu wa kubadilisha lishe kila siku, iwe Krismasi iwe Idi. Mtu huyo kwetu ni mimi.

Sasa kupima. Majani yanasagwa, yanalowekwa, yanachujwa, kisha yale maji au spiriti yanakaushwa hadi ubaki unga au kitu kizito kama lami. Huo nitauita mchujo. Mchujo unayeyushwa kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO, kidogo sana, unapunguzwa nusu kwa nusu kwenye sahani ndogo yenye visima 96, halafu juu yake unaweka damu yenye vimelea. Kisima cha kwanza dawa ni kali, cha mwisho ni kama maji matupu. Pembeni unaweka visima vya klorokwini au artesunate, dawa za malaria zinazojulikana, vya DMSO peke yake, na vya damu isiyo na vimelea. Ripoti isiyoonyesha hivyo vya pembeni usiisome, funga.

Kimelea humaliza mzunguko mmoja ndani ya chembe kwa saa 48 hivi. Sahani inakaa kwenye kabati la joto saa 48 au 72, kisha tunahesabu. Zamani ilikuwa ni rangi ya Giemsa na hadubini, macho yanatoka machozi. Wengi sasa tunatumia rangi iitwayo SYBR Green, ambayo hung'aa ikikutana na DNA. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, haina DNA, kwa hiyo kinachong'aa kisimani ni cha kimelea, mradi chembe nyeupe umeziondoa mapema. Hesabu hii huwa inanifurahisha kila mara.

Mashine inatoa mchoro, na kwenye mchoro unasoma kitu kinaitwa IC50: kiasi cha mchujo kinachopunguza vimelea kwa nusu. Nusu, wakuu. Mchujo ukiwa chini ya mikrogramu 5 kwa mililita tunapigiana simu. Chini ya 10 ni mzuri. Kati ya 10 na 50 unajikongoja. Ukizidi 50, wengi tunaandika kwamba haufanyi kazi. Mipaka inatofautiana kidogo baina ya maabara. Artesunate kwenye sahani ileile inafanya kazi hiyo kwa nanogramu chache, yaani kiasi cha mara elfu chini. Ulinganisho huo hauna haki kamili kwa kuwa mchujo una mamia ya kemikali na pengine moja tu ndiyo dawa, lakini ni vizuri uujue kabla hujabandika karatasi kwenye dumu.

Na ile asilimia 100? Kwenye kisima kikali hata sabuni ya kufulia inaua vimelea vyote. Miti mingi ina saponini, zile kemikali zinazotoa povu, nazo hupasua chembe nyekundu. Chembe ikipasuka kimelea kinakufa kwa kukosa pa kukaa, na mashine inaandika ushindi. Ndiyo maana mchujo huohuo lazima upimwe pia kwenye seli za kawaida, kwa mfano Vero zinazotokana na figo ya nyani, halafu unagawanya kiasi kinachoua seli kwa kiasi kinachoua kimelea. Ukipata zaidi ya 10, endelea. Ukipata 2, umegundua sumu.

Maswali karibu. Naendelea chini.

#2 Boda wa Malaba

Nimekaa mbele kabisa. Sasa si uweke namba ya dawa, mkuu, story baadaye.

#3 Haji wa Bombo

Asalaam aleikum. Kijana, umeeleza vizuri, nimesoma mpaka mwisho na miwani yangu hii. Lakini kuna jambo hukusema. Mimi babu yangu alikuwa anatibu, baba yangu akatibu, na mimi watu wanakuja. Mululuza tunapika kwa maji. Mti wa abasi tunachemsha gome. Ninyi wasomi mnakuja, mnachukua majani, mnayatia kwenye spiriti ya kiwandani, halafu mnaandika kwamba dawa ya Haji haifanyi kazi, au inafanya kazi sana. Nani hapa Bombo anakunywa methanoli? Mnapima dawa gani, yangu au yenu?

#4 Furaha Nakivale

Haji anasema kweli. Mimi ni Mukongomani, natoka Bukavu, niko huku Nakivale kambini. Kwetu mubirizi tunapondaka mabichi na maji ya baridi, hatuchemshi. Mama alikuwa anasema ukichemsha umeua dawa. Jirani yangu Munyankole yeye anachemsha mpaka maji yanakuwa meusi. Sasa kwa maabara mnafuata ya nani?

#5 Mbilizi wa Mbarara

Haji, waaleikum salaam, mzee wangu. Wewe na dada Furaha mmegonga penyewe. Naona watu wengi wa fani yangu wanalikwepa hili, kwa hiyo ngoja nilikalie.

Methanoli tunaitumia kwa sababu inavuta kemikali nyingi kwa mkupuo na inakauka haraka kwenye mashine ya kuvukiza. Maji ni adha: yanakaushwa kwa baridi kwa siku nzima au zaidi, umeme ukikatika yanaota ukungu. Basi tukachagua kilicho rahisi kwetu, na majedwali yakajaa namba za dawa ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuinywa.

Ila msinishangilie bado. Mchina Tu Youyou na wenzake, kwenye mradi ulioanza 1967, walikuwa wanachemsha majani ya Artemisia annua na matokeo yanayumba: leo inafanya kazi, kesho hapana. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, kilichoelekeza kuloweka mmea kwenye maji, kuukamua na kunywa ile juisi. Hapakuwa na moto. Akahisi joto ndilo linaloharibu, akabadili akatumia etha, ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 mchujo namba 191 ukafuta vimelea kwenye panya. Nobeli ikaja 2015. Mama yake Furaha angeelewana vizuri sana na Ge Hong.

Kuna kipande cha hadithi hiyo ambacho wauza chai ya artemisia huwa wanakiruka: artemisinini haipendi maji. Wakati fulani watafiti walitengeneza lita moja ya chai kwa gramu 9 za majani, wakakuta artemisinini kama miligramu 94, chini ya moja ya tano ya dozi ya kawaida ya siku. Kwa hiyo maji yanaweza kuiacha dawa kwenye majani, na methanoli inaweza kutoa dawa ambayo chungu hakitoi. Jibu langu kwa Haji ni kwamba vipimwe vyote viwili, sahani moja, siku moja, na kile cha chungu kipikwe kama anavyopika mwenye dawa: mabichi au makavu, maji kiasi gani, moto muda gani. Ukipima cha maabara peke yake umepima kemia. Dawa ya Haji hujaigusa.

Na mbilizi wenyewe umeshapimwa kwa watu, hapahapa Uganda. Jaribio lilichapishwa 2009: wagonjwa wenye malaria isiyo kali walipewa maji ya majani mabichi. Hadi siku ya 14, asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu ya kutosha. Lakini waliobaki bila kimelea hata kimoja ni asilimia 32 tu, na wengi wa hao vimelea vilirudi baadaye. Hapo utaona kwa nini bibi hakuwa mwongo: homa ilishuka, mtu akarudi shambani. Na utaona pia kwa nini daktari anasita.

#6 Nesi wa West Nile

Nimevumilia, sasa niseme. Mimi ni nesi, wodi ya watoto, kituo sitakitaja. Hizo IC50 zenu sizijui na sina muda nazo. Ninachojua ni mtoto wa miaka miwili analetwa saa nane usiku, macho meupe, anadegedeka, mama anasema "tulianza na majani siku tatu." Siku tatu kwa falciparum ya mtoto ni nyingi mno. Damu ya kuongezwa haipo, tunaanza kukimbizana.

Na hizi shuhuda za "nilikunywa nikapona" naomba mzichuje. Mtu mzima aliyekulia Arua au Lira ameumwa na mbu tangu kuzaliwa, mwili wake umejifunza. Anaweza kutembea na vimelea bila homa, na homa ikija inaweza kushuka yenyewe. Huyo hata ukimpa maji ya bomba atatoa ushuhuda. Mtoto chini ya miaka mitano hana kinga hiyo, mjamzito imepungua. Wengine homa yao haikuwa malaria tangu mwanzo.

Halafu kuna wale wa upande wa pili wanaokuja na kelele: "nimemaliza Coartem, kipimo cha haraka bado kinasema ninayo, dawa yenu feki." Kile kipimo kinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ukitaka kujua kama dawa yoyote, ya duka au ya msituni, imemaliza vimelea, ni slaidi na hadubini.

#7 Mbilizi wa Mbarara

Nesi, musawo wetu, hapo sina cha kupunguza. Mtoto akiwa na homa, nenda kituo au kwa VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, apimwe siku hiyohiyo. Uzi huu unahusu kutafuta dawa, na mtoto anayeumwa leo hawezi kungoja utafiti.

Hiyo hoja ya kinga ndiyo inayofanya majaribio ya mitishamba yawe magumu. Usipokuwa na kundi la kulinganisha, huwezi kujua nani kaponywa na majani na nani kaponywa na mwili wake.

#8 Boda wa Malaba

Swali la kweli sasa, sio mzaha. Mimi nikishikwa nanunua Coartem kwa duka, na jioni mama ananipikia mululuza juu yake. Iko shida?

#9 Mbilizi wa Mbarara

Ndugu, acha kuchanganya ndani ya zile siku tatu za dozi. Dawa zote mbili zilizomo kwenye Coartem, artemether na lumefantrine, huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Kuna mimea inayokiharakisha na mingine inayokizuia. Kikiharakishwa, dawa inaisha mwilini kabla vimelea havijaisha. Meza Coartem pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au karanga, maana lumefantrine bila mafuta hainyonywi vizuri. Mwambie mama asubiri, mbilizi hauendi popote.

#10 Mwalimu wa Kemia

Nimefundisha kemia sekondari kwa muda mrefu, nimefurahi kuona hadithi ya etha imeelezwa bila kutiwa chumvi. Mimi naomba mtoa uzi aeleze panya. Kila makala ninayosoma inaishia na "ilipunguza vimelea asilimia 70 kwenye panya kwa dozi ya miligramu 400 kwa kilo." Mimi nikipiga hesabu ya mtu wa kilo 60 napata gramu 24. Nani atakunywa hiyo?

#11 Mbilizi wa Mbarara

Mwalimu, hesabu yako ina marekebisho, halafu ina tatizo jingine.

Panya wa maabara hawaugui falciparum. Tunatumia kimelea kingine, Plasmodium berghei, kilichopatikana kwa panya wa porini huko Katanga, Kongo, mwaka 1948. Kipimo maarufu ni cha siku nne: panya anachomwa damu yenye vimelea, anaanzishiwa mchujo siku hiyohiyo, anapewa kila siku mara moja kwa siku nne, siku inayofuata unachukua tone la damu mkiani, unapaka slaidi na kuhesabu. Unalinganisha na waliopewa maji na waliopewa klorokwini. Angalia ratiba hiyo: dawa inaanza saa chache baada ya kuambukizwa. Wagonjwa wa musawo hawaji hivyo, wanakuja vimelea vimeshajaa. Kuna kipimo cha kungoja maambukizi yakomae ndipo uanze dawa, lakini michujo mingi inaanguka hapo na hatuichapishi kwa mbwembwe.

Kuhusu gramu: mwili mdogo unachoma dawa haraka zaidi, kwa hiyo kutoka panya kwenda kwa mtu tunagawanya kwa 12.3. 400 inakuwa kama 32, mara kilo 60 ni karibu gramu 2 za mchujo mkavu. Sasa tuseme gramu 100 za majani makavu zinatoa mchujo gramu 10. Mgonjwa anahitaji gramu 20 za majani makavu kwa siku. Kikombe kikubwa kichungu kinawezekana, tena si mbali na anachopika Haji. Ila ukiona makala imetumia miligramu 1000 kwa kilo ndiyo ikapata asilimia 40, ipite kimyakimya.

#12 Haji wa Bombo

Sasa hapo tunaongea lugha moja. Gramu 20 makavu ni kama ninavyoshika kwa mkono mara moja na nusu.

Lakini nina lingine la moyoni. Walishakuja watu na daftari na kinasa sauti. Nikawapeleka shambani, nikaonyesha, wakaninunulia soda, wakaenda. Baadaye mjukuu akanionyesha kwenye simu, mti wangu umeandikwa kwa Kizungu na majina ya watu. Langu halipo. Nyinyi mnasema ni sayansi, sisi tunaona ni kama kuibiwa.

#13 Mbilizi wa Mbarara

Haji, hilo halina utetezi. Sheria zipo: tangu 2005 kuna kanuni za kuchukua rasilimali za viumbe na kugawana faida, NEMA, mamlaka ya mazingira, inahusika, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia linatoa kibali cha utafiti, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mambo hayohayo, inatumika tangu 2014. Mwaka 2019 ikaja sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kwa maandishi mambo ni mazuri. Shambani mambo ni soda. Ushauri wangu: mtu akija, kabla hujamwonyesha hata jani moja mwombe kibali chenye jina lake, na karatasi inayosema jina lako litaandikwaje na kikipatikana kitu utapata nini. Akisitasita, mwonyeshe barabara ya kurudi Kampala.

Unaweza pia kuupeleka mti mwenyewe. Ile taasisi ya Wizara ya Afya ya utafiti wa dawa za asili pale Wandegeya ipo tangu miaka ya 1960.

#14 Mtembeza Wageni, Kibale

Mimi natembeza watalii msitu wa Kibale, Fort Portal. Niongeze kidogo: sokwe nao wana duka lao la dawa. Pale Kanyawara tunawaona wanakula majani ya mti mmoja, Trichilia rubescens, na wakati mwingine wanakula na udongo mwekundu. Watafiti Wafaransa walikuja wakachukua majani hayo. Kuna ukweli au tunawadanganya wageni?

#15 Mbilizi wa Mbarara

Ukweli upo, na ni mtamu. Timu ya Sabrina Krief ilitoa kwenye majani hayo kemikali mbili mpya, wakaziita trichirubine A na B, na kisahani kikaonyesha zinaua falciparum kwa chini ya mikrogramu 1 kwa mililita. Hapo hata Wizara ingesimama. Baadaye, 2008, wakachanganya majani na ule udongo, wakayapitisha kwenye mfano wa tumbo, na mchanganyiko ukaonyesha nguvu dhidi ya malaria ambayo majani peke yake hayakuonyesha. Kama kwenye mfano huo wa tumbo tungepima majani peke yake tungesema sokwe hajui anachofanya. Wageni waambie, ila usiwaambie sokwe anatibu malaria, maana hakuna aliyempima slaidi kabla na baada.

#16 Mwalimu wa Kemia

Basi kwa nini hatuna hata kidonge kimoja kutoka miti yetu? Mbilizi, ntaleyaddungu, mwarobaini, vyote vimepimwa mara ngapi?

#17 Mbilizi wa Mbarara

Mara nyingi mno, mwalimu, na karibu kila mara ni mwanzo uleule: tunakusanya, tunaloweka, IC50, makala, shahada, tunahamia mti mwingine. Ukitaka kuendelea lazima ugawe mchujo vipandevipande, kila kipande ukirudishe kwenye sahani, ufuate chenye nguvu hadi ufikie kemikali moja. Hapo unakuta mambo mawili ya kuvunja moyo. Nguvu inapotea kila unapogawa, kwa kuwa kemikali zilikuwa zinasaidiana. Au unaifikia kemikali, na ni ileile iliyojulikana siku nyingi, inayoua kila kitu ikiwemo seli za mtu.

Kuna njia nyingine, nami ndiyo ninayoiamini zaidi: anza na watu. Mali walifanya hivyo. Walikwenda kwa familia wakauliza nani aliumwa, alikunywa nini, ikawaje, kisha wakatafuta mmea ambao majibu yake yalikuwa mazuri kuliko mengine. Ukatoka Argemone mexicana. Wakapima dozi, halafu wakaupambanisha na dawa mseto ya artesunate na amodiaquine kwa wagonjwa 301. Ndani ya siku 28, waliopewa maji ya mmea asilimia 89 hawakuhitaji dawa ya pili. Waliopewa mseto ni asilimia 95. Vimelea havikuisha kwa wengi, ila waliofikia ugonjwa mkali walikuwa wachache mno. Kidonge hakikupatikana, lakini wanajua dozi, wanajua nani asipewe, na wanajua cha kufanya kijiji kikiwa mbali na zahanati. Kwetu Uganda lililokaribia hilo ni chai ya artemisia iliyonywewa mara moja kwa wiki na wafanyakazi wa shamba la maua, ikapunguza kuugua mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likasema halipendekezi chai hizo: kiasi cha dawa hakitabiriki, na dozi pungufu inaweza kuwalea vimelea sugu. Hoja zote mbili nazibeba, ingawa nazibeba kwa shida.

Tukishafika kwenye usugu, kuna mtego mmoja. Utasoma "mchujo huu unaua hata vimelea sugu." Angalia ni vimelea gani. Mara nyingi ni W2 au Dd2, vyenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, sugu kwa klorokwini. Tatizo letu la sasa ni jingine. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kaskazini mwa Uganda, sampuli za Gulu, kuna vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni K13, yaani A675V na C469Y, vinavyochelewa kufa kwa artesunate. IC50 ya kawaida haiuoni usugu huo. Unahitaji vimelea vichanga vya saa 0 hadi 3, unavipiga na dawa kwa saa 6, unaosha, unangoja kuona vingapi vitaamka. Makala za mitishamba zenye kipimo hicho ni chache mno, na ndizo ningependa vijana wa Makerere na Mbarara waziandike.

#18 Nesi wa West Nile

Na sumu ya polepole? Hizo seli za Vero mnaziangalia siku tatu. Mimi naona figo zilizokufa.

#19 Mbilizi wa Mbarara

Umenipata, musawo. Seli za siku tatu hazionyeshi. Mfano mbaya kuliko yote ni Aristolochia. Ubelgiji, miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake waliokuwa wanapunguza uzito walipewa vidonge vya mitishamba vyenye mmea wa jamii hiyo, figo zikafa, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mimea ya jamii hiyo imo kwenye orodha za dawa za malaria zilizokusanywa Uganda. Haji, kama kuna inayotambaa kwenye ua wako, ile yenye ua kama bomba lililopinda, usimpe mtu.

#20 Haji wa Bombo

Ninayo kwa uzio. Wajukuu wataing'oa kesho.

Nikuletee mululuza wangu na gome la abasi upime? Nije nao vipi? Na karatasi yangu ya jina usisahau.

#21 Mbilizi wa Mbarara

Karatasi nitatangulia kuituma, usome na mjukuu, usisaini kama kuna neno hulielewi.

Majani yakaushe kivulini, juani hapana, uyatie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki inaotesha ukungu. Gome chukua upande mmoja wa shina, usiuzungushe mti ukakauka. Kata na tawi dogo lenye maua au matunda, lilaze katikati ya gazeti, libane na ubao, maana hilo linakwenda Makerere kwenye hifadhi ya mimea kuthibitisha ni mti gani hasa. Andika kijiji, tarehe na saa uliyochuma. Na siku ya kuja, njoo na sufuria yako mwenyewe: jiko tunalo, tutapika unavyopika nyumbani, tutapima maji kabla na baada, na mchujo wa kwanza utakaoingia kwenye sahani utakuwa wako. Wa methanoli utafuata.

#22 Boda wa Malaba

Haji akipita Malaba namba tutapewa au bado?